Kijana wa Miaka 17, Pikipiki na Herufi L

(Mazungumzo tuliyoyatoa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya mikopo. Tumeyaandika hapa kwa ombi la wale waliokosa kufika.)

 Asanteni kwa kufika mapema, maana tunajua jana kulikuwa na mazishi na wengine wenu hamkulala.

Kabla hatujaanza, tuwaambie tulichokiona asubuhi. Mmoja wetu alisimama pale langoni akiwakaribisha, na huku akihesabu. Pikipiki 11 zilileta watu 24, mbali na waendeshaji wenyewe. Sheria yetu ya barabara inaruhusu abiria mmoja kwa kila pikipiki. Hesabu fanyeni wenyewe. Wenye helmeti walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa ameitundika kwenye usukani. Mnacheka, lakini hatukuja kuwagombeza. Hata sisi wa ofisini tumepanda hivyo mara nyingi mvua ikikaribia.

Ratiba inasema leo tuongee juu ya mikopo ya vikundi. Tutaongea juu ya mikopo, lakini tutapitia kwa kijana mmoja wa miaka 17, kwa sababu mkopo uliotuumiza zaidi tangu tuanze kazi hii haukuwa wa mbolea wala wa kuku. Ulikuwa wa pikipiki.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka boda boda ilipokuwa baisikeli. Ilianzia hapa hapa kwetu, mpakani Busia, tangu miaka ya 1960, watu na mizigo wakivushwa kutoka geti moja hadi la pili, na jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Baisikeli ilikuwa na mwalimu ndani yake. Mtoto alianza kuiendesha kabla miguu haijafika kwenye kiti, akipitisha mguu mmoja chini ya ule mtaimbo wa juu, akianguka, akichubuka magoti, akichapwa kwa kupinda rimu ya baba. Mpaka aje kubeba mtu kwa malipo, alikuwa amekaa na baisikeli miaka saba au minane. Alijua kokoto, alijua mchanga, alijua ng'ombe anayefikiria kuvuka.

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za injini ndogo, zile za chini ya cc 250. Hapo ndipo zilipojaa kama nzige. Hatusemi ni vibaya. Mama mjamzito usiku wa manane siku hizi anafika hospitalini, na maziwa yanafika sokoni kabla hayajaganda. Lakini ile miaka saba ya magoti kuchubuka iliondoka, na hatukuweka kitu mahali pake. Tuliweka dipoziti.

MKOPO TULIOUPIGA MUHURI

Sasa tuje kwa kisa chenyewe. Hatutataja kikundi, wala kijiji. Mama mmoja, mwanachama mwaminifu, mwuza omena na mboga, aliomba mkopo wa shilingi 35,000 kwa kikundi chake ili alipe dipoziti ya pikipiki. Iliyobaki angemlipa muuzaji kidogo kidogo kila wiki. Mwanawe alikuwa amemaliza kidato cha nne na anangoja matokeo. Mama aliwaza hivi: kijana akikaa bure nyumbani ataharibika, na hapa kuna kazi ya mikono yake. Ni mzazi gani kati yetu asingewaza hivyo?

Kikundi kilikaa, kikakubali. Fomu ililetwa kwetu. Ilikuwa fomu nzuri ya kurasa nne. Iliuliza shamba ni ekari ngapi, ng'ombe ni wangapi, wadhamini ni nani, mama amekosa mikutano mingapi. Hakuna mahali ilipouliza: Nani ataendesha? Ana miaka mingapi? Ana leseni? Nasi tuliosomea kazi hii hatukuuliza. Tulipiga muhuri, tukamtakia mama heri.

Kijana alifundishwa na rafiki yake kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi, jioni mbili. Jioni ya kwanza alijua klachi na gia. Ya pili akazunguka uwanja mara nyingi, watoto wakimpigia makofi. Jumatatu akawa steji. Wenzake walimpokea kwa kumtoza ada ya kujiunga. Nao pia hawakuuliza leseni.

Wiki ya sita, siku ya soko, akiwa na abiria wawili, alimkuta mzee mmoja akivuka barabara na baisikeli yake ya mkononi. Kijana alikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zake zote. Alikuwa anajua hiyo breki peke yake. Gurudumu la nyuma likateleza kwenye murami, pikipiki ikalala ubavu, ikamfuata mzee mpaka ikamfikia. Mzee alivunjika mguu mahali pawili. Abiria mmoja alipoteza meno. Kijana alitoka na michubuko, na kwa muda mrefu baadaye hakutaka kula mezani na wenzake.

Tulikwenda kumwona mzee hospitalini. Tulidhani atakuwa na hasira juu ya fidia. Alitutazama kwa muda, halafu akauliza: "Huyu mtoto alifundishwa na nani?"

Hatukuwa na jibu. Mama yake alisema hajui jina la yule rafiki. Mwenyekiti wa kikundi aliangalia chini. Sisi tulikumbuka muhuri wetu.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Polisi walimwita mama pia, na hilo ndilo lililoshangaza kikundi kizima. Mama alisema, "Mimi hata sijui kuiwasha!" Lakini sheria ya trafiki, ile Sura ya 403, haimkatazi tu mtu kuendesha bila leseni. Inamkataza pia mwenye chombo kumwachia mtu asiye na leseni akiendeshe. Logbuku ilikuwa inaelekea kwenye jina la mama. Tuseme tena kwa sababu ya makatibu wanaoandika: pikipiki ikiwa ya kikundi, mkamwachia kijana asiye na leseni, kosa si la kijana peke yake, ni lenu pia.

Bima ilikuwako, ile ya kulinda watu wengine, kwa maana bila hiyo pikipiki hairuhusiwi barabarani. Lakini swali la kwanza la kampuni lilikuwa lile lile la mzee, kwa maneno mengine: tuonyesheni leseni ya aliyekuwa akiendesha. Haikuwako. Mambo yakaingia kwenye barua, na barua zikachukua miezi, huku mzee akiwa na chuma mguuni na watoto wake wakilipa. Mama aliuza mtamba. Wadhamini wawili walilipia mkopo kwa miezi mitano, na mmoja wao mpaka leo hasalimiani naye vizuri. Mtaelewa kwa nini tunasema mkopo huu ulituumiza.

NAMBA TATU ZA KUSHIKA

Sasa, sheria inasema nini juu ya vijana? Shikeni namba tatu: 16, 18 na 21. Tunaziandika ubaoni kwa sababu kila tunapokwenda tunakuta watu wana namba zao wenyewe, na nyingi ni za kubahatisha.

Miaka 16 ndiyo mwanzo, lakini ni kwa kipikipiki kidogo tu. Katika mtaala wa NTSA, yaani ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, hilo ni daraja la A1, injini isiyozidi cc 50. Hizi tunazoziona steji si hizo. Zetu ni za cc 100 na zaidi. Kwa hiyo mzazi akikuambia, "Wangu ana 16, sheria inamruhusu," mwulize ni pikipiki gani.

Miaka 18 ni daraja la A2, pikipiki ya kawaida, ya kwenda shamba na kubeba mizigo yako mwenyewe. Gari dogo nalo ni miaka 18.

Miaka 21 ni A3: boda boda, pikipiki za kupeleka vifurushi, na tuktuk. Tunaona nyuso zikibadilika. Ndiyo, kubeba abiria kwa malipo ni miaka 21. Tunajua kwenye steji mambo si hivyo. Tunajua wako wa miaka 15 wanaobeba walimu wao. Lakini hatuwezi kuwa wafanyakazi wa jamii tukawaficha kilichoandikwa eti kwa sababu hakifuatwi. Mama yule pia alidhani kisichofuatwi si sheria.

Sasa kile kibali cha kujifunza. Wengine wanakiita PDL, wengine leseni ya muda. Watu wengi wanakidharau. Wanasema ni karatasi ya kumtuliza askari, na kijana akishaipata anaingia barabarani siku hiyo hiyo na abiria nyuma. Hapana. Kibali hiki kinasema jambo moja: huyu bado anafundishwa. Ndiyo maana kinakwenda pamoja na kibao cheupe chenye herufi L nyekundu, mbele na nyuma, ili sisi wengine tumpe nafasi. Ndiyo maana mwanafunzi wa gari huwa na mtu mwenye leseni kando yake. Ndiyo maana mwanafunzi wa pikipiki habebi abiria. Na kina tarehe ya mwisho, maana mtu hawi mwanafunzi milele.

Kukipata si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Kijana akifika miaka 18 anaenda kwa ofisi ya usajili kuchukua kitambulisho. Hapa ndipo wengi hukwama, si kwa sababu ya udereva, ila kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakikutafutwa, au jina la baba limeandikwa kwa njia mbili. Wazazi, anzeni kutafuta cheti kijana akiwa bado shuleni. Akishapata kitambulisho, anaingia kwenye mtandao wa serikali wa eCitizen. Asiye na simu ya kufaa aende kwa saiba pale sokoni, lakini asimwachie mtu wa saiba namba yake ya siri. Malipo ya eCitizen yanakwenda kwa namba moja ya serikali, 222222. Mtu akikupa namba nyingine, yake au ya shemeji yake, rudi nyumbani na pesa zako. Halafu kijana anajiandikisha katika shule ya udereva iliyo na kibali cha NTSA. Ombeni kukiona. Mwenye nacho huwa amekitundika ukutani.

Mwisho ni mtihani. Kuna ule ubao maarufu, mji wa mfano, wenye barabara zilizochorwa na kigari cha mchezo. Mtahini anasema: toka hapa, ingia kiplefti, nenda mpaka kituo cha petroli. Kijana anasukuma kigari huku akieleza. Wengi hucheka ubao huo kabla, na hutoka jasho mbele yake. Utakumbuka kukaa kushoto? Utampisha aliye kulia kwako kwenye kiplefti? Utasimama kwenye njia ya reli? Baada ya ubao, barabarani. Tunajua pia wako mawakala wanaosema, "Leta pesa, mtihani hauna haja." Kijana anayenunua leseni hivyo amerudi pale pale kwenye uwanja wa mpira, jioni mbili.

Mwalimu mmoja wa udereva alikubali kuja kutuonyesha kile ambacho jioni mbili haziwezi kufundisha. Alisema breki ya mbele, ya mkono, ndiyo yenye nguvu zaidi, na kwamba zote mbili hutumika pamoja. Kwenye murami na mchanga ile ya mbele hubanwa polepole, haishtuliwi, la sivyo gurudumu linateleza. Alisema pikipiki yenye gunia la mahindi haisimami mahali pale ambapo pikipiki tupu ingesimama. Alisema usipinde kulia kabla hujageuza kichwa na kutazama nyuma, maana kioo hakionyeshi kila kitu. Na alisema usiku, msimu wa miwa, usiingie kwenye vumbi lililo mbele yako mpaka ujue ndani yake kuna nini, kwa sababu trela la miwa lisilo na taa huwezi kuliona mpaka umelifikia. Vijana waliokuwapo, ambao wengine wana miaka minne barabarani, walikaa kimya. Halafu mmoja akasema, "Ya breki ya mbele, sisi tuliambiwa tusiiguse kabisa, itakutupa."

Juu ya helmeti tutasema kidogo tu, maana mmeichoka. Watafiti waliokusanya kazi nyingi za nchi mbalimbali walikuta kwamba inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Lakini iwe kichwani na mkanda umefungwa. Ile ya kwenye usukani inalinda usukani.

"NA HIYO MIAKA, KIJANA ATAKULA NINI?"

Swali hili huulizwa kila mahali na ni la haki. Mama mmoja alituambia waziwazi: "Ninyi mna mishahara, mnaweza kungoja." Hatukumjibu haraka, kwa sababu ana ukweli. Kijana wa miaka 17 anayengoja ni mdomo unaokula, na wakati mwingine ni mkono unaoiba.

Basi hatusemi akae. Karibu na kila steji kuna fundi wa pikipiki. Mwezi mmoja wa kupitisha spana, mkono ukiwa mchafu, unamfundisha kijana kwa nini mnyororo unakatika na kwa nini breki inakwisha, na anarudi nyumbani na kitu kidogo. Anaweza kusoma kanuni za barabara na ishara zake zote, ile ya kusimama na ile ya kupisha, kabla hajagusa klachi. Anaweza kutunza daftari la pikipiki ya mama, inayoendeshwa na mtu mzima mwenye leseni. Hayo si makubwa. Lakini akifika 18 hatakuwa anaanza kwenye uwanja wa mpira.

Na kwa upande wa kikundi, tumebadilisha fomu. Ukurasa wa kwanza, kabla ya shamba na ng'ombe, sasa unauliza jina la atakayeendesha, tarehe yake ya kuzaliwa, na daraja la leseni yake. Nakala ibanwe hapo hapo. Kama bado anajifunza, mkopo unatoka kwa sehemu mbili: kwanza pesa za shule, kibali, mtihani na helmeti, na dipoziti inatoka leseni ikishaonekana. Tuliporudia ule mkopo wa 35,000 tuliona hapakuwa na hata shilingi moja ya kujifunza ndani yake. Tulikuwa tumegharamia chombo, tukasahau mtu.

Vikundi viwili vimekasirika. Vinasema tunachelewesha maendeleo, na kimoja kimekwenda kukopa kwingine ambako hakuna maswali. Sawa. Kimoja kilikuja kutushukuru, lakini tunadhani kilitaka mkopo wa pili.

Mtauliza habari za yule kijana. Pikipiki haikuuzwa. Binamu yake, mtu wa miaka 30 mwenye leseni, aliiendesha na kumletea mama shilingi 300 kila jioni, isipokuwa Jumapili, mpaka wadhamini wakarudishiwa pesa zao. Kijana alikaa mbali nayo karibu mwaka mzima. Alikuwa akienda kwa yule mzee kila Jumamosi kumkatia nyasi za ng'ombe. Hakuna aliyemwambia aende. Mzee anatembea sasa, kwa fimbo, na baisikeli amempa mjukuu.

Mwezi aliofikisha miaka 18 kijana alikwenda kuchukua kitambulisho, na kilipotoka akaja kwetu na fomu mpya. Tuliijaza pamoja naye, polepole. Mtihani wa kwanza alianguka kwenye ubao. Alisukuma kigari kwenye kiplefti akamsahau wa kulia. Alirudi nyumbani amenuna, akachora mji mzima kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni, na mama yake akawa anapika akiruka barabara. Wiki ijayo anaurudia. Akipita ataanza kumbebea mama magunia ya omena, na habari ya abiria itangoja miaka 21 kama ubaoni pale.

Kwa sasa anajifunza asubuhi na mwalimu wake, vibao vya L vikiwa mbele na nyuma. Juzi tulipita hapo tukamkuta mama ameketi nje akichambua dagaa zake. Tulimtania kwamba siku moja atapelekwa sokoni na mwanawe kama malkia. Alitazama ile L nyekundu kwa muda mrefu, akasema hiyo ikitoka, na mzee akisema sawa, hapo atafikiria.